Rafu ya Chini

Kazi yangu ya kwanza baada ya kuacha chuo ilikuwa kuwaliza watoto. Haikuitwa hivyo, bila shaka. Kadi niliyopewa ilisema mimi ni mtu wa mauzo wa kampuni inayoagiza vichezeo kutoka Uchina, na bosi alipenda kutuambia kwamba sisi hatuuzi plastiki, tunauza furaha. Lakini kusema ukweli, nilipokuwa nikizunguka na lile begi la sampuli kutoka Umoja hadi Kayole, kutoka Donholm hadi Utawala, nilichokuwa nikiwafundisha wenye maduka madogo ni jinsi ya kumfanya mtoto alie mahali panapofaa. Mahali panapofaa ni dukani, watu wakiwa wanaona.

Nieleze kazi yenyewe kidogo, maana wengi wetu tunakuta toi zimepangwa tu na hatujiulizi zilifikaje pale. Jumatatu asubuhi mnakutana godauni, mnapewa bei mpya na sampuli za mzigo ulioingia. Unabeba doli mmoja, gari moja la rimoti, seti ya sufuria za plastiki, bunduki ya maji, na chochote kinachowaka taa. Unapanda matatu. Unaingia duka baada ya duka, unasalimia, unaonyesha, unaandika oda. Alhamisi mzigo unafikishwa kwa boda. Jumamosi unarudi kudai pesa, maana hakuna mwenye duka mdogo anayelipa kabla hajauza. Sikuwa na mshahara. Nilikuwa na nauli na kamisheni. Mwenye duka asipouza halipi, na asipolipa mimi sili. Kwa hivyo nilikuwa na hamu kubwa sana ya kuona watu wakiuza.

Na bosi alikuwa na mbinu. Alisema toi haiuzwi kwa mwenye pesa. Inauzwa kwa asiye na pesa, halafu mwenye pesa anapelekewa bili. Gari la rimoti liwekwe rafu ya chini, pale ambapo macho ya mtoto wa miaka mitatu yanafika bila kuinua kichwa. Boksi liwe na lile tundu la kuingiza kidole na kubonyeza, taa ziwake, wimbo upigwe. Mzazi na mtoto wakiingia, usimuulize mzazi anataka nini. Shusha toi, mpe mtoto ashike. "Ikishaingia mkononi," alisema, "kuitoa ni kumnyang'anya mtoto. Na nani anataka kuonekana akimnyang'anya mtoto?"

Nilikuwa na miaka 21 na deni la kodi ya miezi miwili. Niliona ni akili nyingi.

Mteja mmoja tu ndiye aliyenikatalia. Mama mmoja wa Umoja, duka lake dogo kama nusu ya kontena, ambaye alianza kwa kuuza baluni na doli kwenye stegi mwaka 1998. Toi zake zote zilikuwa juu. Kutoka kifuani kushuka chini hapakuwa na kitu ila maboksi ya madaftari, karatasi za kufungia zawadi na ndoo. Mtoto akiingia pale anaona makaratasi. Mimi niliona ni wazimu. Kila wiki namwambia, "Mathe, unajiumiza bure. Shusha hizi gari utaona." Na kila wiki ananijibu bila hata kuniangalia, "Kijana wangu, wewe andika oda."

Kulikuwa na kitu kingine alichofanya, ambacho nilikiona mara nyingi kabla ya kukielewa. Mzazi akiingia na mtoto, mama huyu kwanza anamchangamkia mtoto, anamuuliza jina, anamuuliza yuko darasa la ngapi. Huku mkono wake wa kushoto unamnyooshea mzazi kalkuleta juu ya kaunta. Mzazi anabonyeza namba. 300. 700. 1,500. Hakuna aliyesema neno. Kisha mama anapanda kale kastuli kake, anashusha vitu vitatu vya bei hiyo, anavipanga mbele ya mtoto. "Chagua moja." Na mtoto anachagua kwa moyo wake wote, kama mtu aliyepewa dunia nzima, kumbe amepewa shilingi mia tatu.

Desemba hiyo, tarehe 23, aliniomba nimsaidie mchana kwa sababu watu walikuwa wengi. Nilikuwa na tageti. Nikasema sawa.

Aliingia mwanamume na binti wa miaka minne hivi. Buti zake zilikuwa na simiti iliyokauka. Mathe alikuwa na wateja wengine, kwa hivyo niliwapokea mimi, na nilifanya nilivyofundishwa. Nilishusha gari la rimoti, jekundu, la shilingi 1,850, nikaliwasha, nikampa yule binti. Alilikumbatia boksi likamfunika kidevu. Baba yake alisema, polepole, tutakuja kesho, rudisha kwa anti. Mtoto hakurudisha. Hakulia kwanza, alitazama tu. Halafu akaanza. Nyuma yao kulikuwa na foleni ya watu kama sita na wote wakanyamaza, ule unyamavu wa watu wanaojifanya hawasikii. Nikasema, kwa sauti ya utani, ya kusikika, "Si ni Krismasi, mzee? Mfurahishe mtoto."

Akatoa simu. Akageukia ukuta. Akabonyeza kwa muda mrefu. Mtu yeyote mwenye laini nchi hii anaujua mgongo wa mtu anayefuliza. Meseji ikaingia. Wakatoka, binti akiruka, na pale mlangoni yule baba akageuka akaniambia asante.

Jioni tukifunga, mathe alihesabu pesa zake, akanipa changu, na akaniambia kitu kimoja tu. "Yule anakaa ploti ya hapo nyuma. Hupita hapa kila siku akienda kazi. Sasa atapitia wapi?"

Sikumwona tena yule baba akiingia dukani. Nilitembelea duka lile miezi mitano zaidi.

Nilisoma mwaka mmoja na nusu tu chuoni, na katika mwaka huo na nusu kulikuwa na somo moja la falsafa ambalo kila mtu alilichukua kwa sababu lilisemekana ni rahisi. Humo nilikutana na muuza duka wa Kant. Katika kitabu alichochapisha 1785, Immanuel Kant anatoa mfano wa mfanyabiashara ambaye hampunji mteja asiyejua bei. Ana bei moja kwa kila mtu, hata mtoto mdogo anaweza kununua kwake sawa na mtu mzima. Vizuri. Lakini Kant hatosheki. Anauliza, je, muuzaji huyu ni mwaminifu kwa sababu uaminifu ni wajibu, au kwa sababu akijulikana kuwa mwizi atakosa wateja? Kama ni kwa faida yake, basi kitendo ni sahihi ila hakina sifa ya kimaadili. Mhadhiri alituuliza tunaonaje. Tulicheka. Tukasema huyo Mjerumani hajawahi kulipa kodi ya duka.

Nilimkumbuka tena kwa sababu ya yule mathe. Kwanza, kwa sababu maneno yake yalikuwa ya biashara. Hakuniambia nimetenda dhambi. Aliniambia, kwa namna yake, nimempotezea mteja. Basi ile kalkuleta yake ya kimya ni wema au ni hesabu? Nimeizungusha hii kichwani kwa miaka, na nafikiri swali la Kant linahitaji mji mkubwa. Linahitaji mteja unayeweza kumdhulumu leo na usimwone kesho, ndipo uweze kutenganisha wema na faida na kuvipima kila kimoja peke yake. Kwenye duka ambalo limekaa mtaa mmoja zaidi ya miaka 20, mteja ndiye jirani, ndiye mtakayekutana naye matangani, ndiye mama wa mtoto aliye darasa moja na mjukuu wako. Faida ya mathe ilikuwa ni kwamba watu waweze kupita mbele ya duka lake bila kuinamisha kichwa. Sijui uitenganishe vipi hiyo.

Pili, mtoto wa Kant anaingia dukani na sarafu yake mkononi. Huyo ni rahisi kumtendea haki. Usimpunje, basi. Mtoto wetu haingii na sarafu. Anaingia na hamu, na sarafu iko kwa mtu mwingine, na katikati ya hao wawili amesimama mtu wa kamisheni. Sikumdanganya yule baba. Bei ilikuwa bei, gari lilikuwa linafanya kazi, risiti nilimpa. Kwa mizani ya kawaida ya biashara mikono yangu ilikuwa safi kabisa.

Marafiki nikiwaambia hadithi hii wananijibu kitu kilekile. Mzazi ana mdomo, aseme hapana. Supermaketi zote zinaweka peremende pale pa kulipia, mbona hutaki kuzifunga? Ni kweli mzazi ana mdomo. Lakini hapana ya mzazi mmoja si hapana ya mwingine. Mwenye pesa akimkatalia mtoto wake dukani, watu wanaona malezi. Wanatikisa kichwa kwa heshima, huyu hamdekezi mtoto. Asiye na pesa akikataa, watu wanaona mfuko mtupu, na yeye anajua wanauona, na mtoto wake naye anaanza kuuona. Sentensi ni moja, gharama ni mbili. Rafu ya chini inavuna hapo. Bosi alidhani tunauza hamu ya mtoto, lakini hamu ya mtoto haina hata shilingi. Kilichofungua ile simu ni haya ya mtu mzima mbele ya foleni, na mimi ndiye niliyeikoroga kwa ile kauli ya Krismasi.

Kuna nchi zilizolifikiria jambo hili hadi kwenye sheria. Jimbo la Quebec, Kanada, lilipiga marufuku matangazo ya kibiashara yanayowalenga watoto wa chini ya miaka 13, sheria ikaanza kufanya kazi 1980. Kampuni moja ya vichezeo, Irwin Toy, ilikwenda mahakamani kudai haki yake ya kujieleza, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya Kanada, na mwaka 1989 ikashindwa. Majaji wengi walikubali kwamba tangazo ni usemi unaolindwa na katiba, ila wakaona ni halali kuwakinga watoto wadogo dhidi ya ushawishi wasioweza kuupima. Naipenda hukumu hiyo. Lakini inamwona mtoto tu, na haiingii dukani. Kwa maduka niliyokuwa nikiyazungukia tangazo lilikuwa ni duka lenyewe, na rafu haina wakili.

Sasa niseme kitu kinachonisumbua upande wa pili, kwa sababu sitaki mjue tu kwamba mathe ni malaika. (Si malaika. Aliuza matofali ya kuunganisha ambayo yalifanana sana na ya LEGO na hayakutoka LEGO, na alijua.)

Mimi nilikulia kwenye rafu ya juu. Tulicheza na mpira wa majuala uliofungwa kwa kamba, na magari ya waya yenye tairi za kandambili zilizokatwa. Yalikuwa mazuri, sitaki huruma ya mtu. Kwanza watoto wa leo hata huo mpira ni shida, tangu mifuko ya plastiki ilipopigwa marufuku Agosti 2017. Lakini kulikuwa na duka moja la vioo tuliloliona tukienda tauni na mama, na kwenye kioo kulikuwa na treni iliyozunguka siku nzima. Nikiwa na miaka saba hivi, tukikaribia pale, nilikuwa nageuza uso nitazame upande wa pili wa barabara. Sikutaka mama anione nikitazama. Mama aliwaambia wageni, huyu hasumbui kabisa, huyu haombi kitu. Nilijivunia. Leo nikikumbuka ile shingo yangu ya miaka saba ikigeuka najiuliza nani alinifundisha, na kwa nini mapema vile.

Kwa hivyo nilipoanza kumsifu mathe moyoni, sauti nyingine iliniuliza kama kuficha vitu juu ya macho ya watoto wa Umoja si kuwafundisha vilevile. Dunia ina gari jekundu. Kwa nini mtoto wa fundi asilione? Rafiki yangu mmoja anayefundisha nasari Kayole ananiambia kalkuleta ile ni uongo wa adabu. Yeye huwaambia wanawe waziwazi, leo hatuna, na anaisema kwa sauti ileile anayosema leo kuna mvua. Anataka wakue wakijua kwamba kukosa pesa ni hali, si kosa.

Karibu nikubali. Tofauti yetu ni ndogo. Sentensi yake ni nzuri, lakini inahitaji mahali pa kusemewa, nyumbani, njiani, mkiwa wawili. Kinachoiharibu ni foleni, na kijana wa mauzo anayetabasamu. Mathe hakumzuia mzazi yeyote kusema leo hatuna. Alimwachia achague siku na mahali. Na yule mtoto mbele ya vitu vyake vitatu alikuwa anaomba, anaonyesha kidole, anabadilisha mawazo, anasumbua. Mimi sikuwahi kusumbua.

Halafu kuna furaha ya yule binti. Sitaki kuiruka, kwa sababu ndiyo hoja kubwa ya bosi na si hoja ya kijinga. Ilikuwa furaha ya kweli. Aliruka hadi barabarani. Huenda baba yake, akimwona akiendesha lile gari chini ya kitanda usiku ule, alicheka pia na kusahau ukuta aliougeukia. Huenda Januari alilipa lile deni na riba yake na akasema ilistahili. Siwezi kusema furaha ile ilikuwa feki kwa sababu nilivyoipata mimi ilikuwa vibaya. Ninachojua ni kwamba mimi niliifurahia kwa pesa ya mtu mwingine, nikapokea kamisheni juu yake, kisha nikapokea na asante.

Mtu aliyeifanya biashara hii kuwa kubwa alianza kama mathe, duka moja tu. Charles Lazarus alifungua duka la vitanda vya watoto jijini Washington mwaka 1948, akagundua kwamba aliyenunua kitanda harudi kununua kingine, ila aliyenunua toi anarudi, kwa sababu toi inavunjika. Kutoka hapo akajenga Toys "R" Us, duka la mtindo wa supermaketi, ujazo mkubwa, unajichukulia mwenyewe, hakuna anayekujua. Kampuni ilipotangaza kufunga maduka yake yote Marekani, Machi 2018, yeye alifariki wiki moja baadaye akiwa na miaka 94. Bosi alimpenda sana mtu huyu. Mimi nikisoma habari zake huwa nafikiria ile siri ya kuvunjika. Mathe alijaribu kila toi kwa betri zake mwenyewe mbele ya mzazi, na alikuwa na kanuni kwamba ikifa kabla ya Jumapili unairudisha. Januari, ile Njaanuari yenyewe, alikuwa anatoa doli dirishani, anaweka kalamu na karatasi za kufunika vitabu, na kungoja likizo ya Aprili. Hakutajirika. Watoto wake wamesoma.

Nisijifanye mtakatifu. Sikuacha kazi kwa sababu ya yule baba. Niliendelea kuwaambia watu washushe rafu, Kayole walishusha, Utawala walishusha, na mauzo yalipanda kweli. Niliacha Mei, wenye maduka watatu waliponikwepa na madeni yao na bosi akayakata kwenye kamisheni yangu. Ndipo nikaanza kuandika, kazi ambayo nayo, ukiitazama vizuri, ina rafu zake.

Wiki mbili zilizopita nilirudi Umoja kumtafutia mtoto wa dada yangu zawadi ya kufikisha miaka mitano. Mng'ao mpya ulikuwa ng'ambo ya barabara, duka la vioo, taa, muziki, kila kitu kiko chini. Mathe yupo bado, amezeeka kidogo. Alinijua. Aliuliza mama yangu anaendeleaje, na wakati namjibu nikaona kalkuleta imenyooshwa juu ya kaunta. Nilikuwa peke yangu, hakukuwa na mtoto wala foleni, na bado nilishukuru sikulazimika kuitaja namba ile kwa mdomo.

Alipokuwa juu ya stuli nikaona kitu kipya. Chini, pale palipokuwa na ndoo, kuna rafu. Mipira midogo, filimbi, vigurudumu vya upepo.

"Mathe, umeshusha?"

"Hizo ni za hamsini," alisema bila kugeuka. "Wa kulia alilie hapo. Hamsini haimshindi mtu."

Nikainama kutazama. Nyuma ya mipira kulikuwa na kigari kimoja cha bluu, chenye tundu la kuingiza kidole. Kibandiko kilisema 450. Nikamwangalia. Aliteremka polepole, akaweka vitu vyangu vitatu kaunta, akakipangusa kile cha katikati kwa kanga.

"Kodi imepandishwa," alisema. "Chagua."